Mwana wa Kushika Mkia

Sehemu ya Tisa

Panga liko hewani, msomaji wangu. Tuliliacha pale wiki iliyopita, na najua wapo waliolala nalo kichwani siku saba nzima. Haya, leo linashuka.

Kwa uliyepitwa, shika haya upesi. Ni sikukuu ya Kuchinja, kisiwani Juani. Swala ya Idi imekwisha na watu wamejaa uwanja wa nyuma ya msikiti. Ng'ombe wa Mwalimu Muhidini amelazwa chini, miguu imefungwa, shingo imeelekezwa kibla. Mwalimu mwenyewe ana miaka sitini na minane na kiharusi kilimla upande mmoja mwaka jana, kwa hiyo ameketi kwenye kiti cha plastiki. Mkono wake mzima umetoa kisu cha kuchinjia, ukampa Mansuri.

Mansuri tena! Mwaka wa kumi na mbili huu. Na huyo Mansuri hakumzaa yeye. Ni mtoto wa marehemu mdogo wake, Mudrik, aliyeanguka kwenye mnazi kule Kirongwe wakati Mansuri bado ananyonya. Mwalimu akamwoa mjane, Nasma, akamlea mtoto. Wa kumzaa ni Hemedi. Hemedi ana miaka thelathini na sita, na kazi yake kila Idi ni kushika mkia wa ng'ombe.

Aseme nini? Kila alipofungua mdomo aliambiwa anamwonea yatima. Nguo mpya, yatima. Shamba la minazi, yatima. Kusimama mbele ya watu na kisu mkononi, yatima. Yatima gani ana ndevu na wake wawili?

Safari hii Hemedi hakushika mkia. Alishika panga lililoletwa kukatia makuti ya kutandazia nyama, akaliinua juu ya shingo iliyoinama mbele yake. Haikuwa ya ng'ombe. Ilikuwa ya Mansuri.

Watu wote walikuwa wanamtazama ng'ombe na kupiga takbira. Panga likashuka.

Mansuri aliona kivuli kikipita mchangani, akajipinda. Basi! Ndiyo hiyo tu iliyomwokoa shingo. Panga lilimpata bega la kushoto, likapasua kanzu, likapasua na nyama, kisha likateleza mpaka kwenye kamba iliyofunga miguu ya ng'ombe.

Kamba ikakatika.

Lahaula! Ng'ombe aliinuka na watu wanne mgongoni. Wawili walianguka huku, wawili kule, na wa tano aliyekuwa ameshika pembe alirushwa akaugonga ukuta wa msikiti kwa kichwa. Ikawa patashika nguo kuchanika. Watu wazima walikanyagana, kofia zikabaki chini, kila mtu mguu niponye. Pembe likaingia kwenye paja la mmoja, likatoka na kitambaa na damu.

Kisha ng'ombe akageuka. Mbele yake hakukuwa na kitu ila kiti cha plastiki na mzee ambaye hawezi kukimbia.

Mwulize Hemedi mpaka leo kwa nini alikimbia kuelekea kule. Hatakwambia, kwa sababu hajui. Dakika moja kabla alikuwa anaua, na sasa miguu yake ilimpeleka mbio kwa baba yake. Alimpiga ng'ombe panga la kwanza kwenye mshipa wa mguu wa nyuma. Ng'ombe akaenda magoti hatua moja kutoka kwenye kiti. Hemedi akamkamata pembe, akamgeuza shingo.

“Bismillahi, Allahu Akbar!”

Alilisema kwa sauti ya uwanja mzima. Akakata. Damu iliruka ikampiga Mwalimu usoni na kifuani, na ng'ombe akafia miguuni pake.

Halafu kelele.

“Maashallah, Hemedi!”

“Simba wewe!”

“Na Mansuri? Jamani, Mansuri kapigwa pembe!”

Hapo ndipo mambo yalipogeuka, msomaji wangu. Siku ya Kuchinja kila mwanamume ana damu kwenye kanzu, na nani ataanza kuuliza hii ya nani na ile imetoka wapi? Walimwona Mansuri chini, bega limefunguka, wakasema ng'ombe. Wanne wakambeba mbio nyumbani kwa Mwalimu. Alipopitishwa karibu na Hemedi alimtazama machoni.

Hemedi alisimama pale, panga amelidondosha mchangani, watu wanampiga mabegani. Amepona? Amepona! Tena ameshangiliwa. Mzee Shaibu, jirani yao wa miaka mingi, alimwinamia Mwalimu akicheka huku machozi yakimtoka.

“Mwalimu, mshukuru Mungu. Mwanao kakuokoa, na dhabihu imetimia.”

Mwalimu Muhidini alijifuta damu usoni kwa kilemba chake, taratibu, jicho moja baada ya jingine.

“Haikutimia,” alisema.

“Vipi? Kachinja sawasawa. Jina kalitaja, sote tumesikia.”

“Nyama ni halali, anayetaka ale. Lakini si dhabihu yangu. Dhabihu huchinja mwenyewe, au yule aliyempa uwakala. Mimi uwakala nilimpa Mansuri. Huyu sikumpa.”

Watu wakatazamana. Shaibu alijaribu kucheka.

“Ah, Mwalimu! Si umpe sasa hivi?”

“Sikumpa, na simpi.”

Hemedi alipiga magoti mbele ya kiti. Hakujali tena nani anaona. “Baba,” alisema, “angekuua. Mimi nimemzuia. Hata hilo halihesabiki?”

Mwalimu alimkamata ukosi wa kanzu kwa mkono wake mzima, akamvuta mpaka sikio lake likagusa mdomo wa mzee.

“Hawa wameona ng'ombe,” alinong'ona. “Mimi nimeliona panga. Ondoka Juani leo hii. Usirudi, wala usiseme wewe ni wa kwangu.”

Akamsukuma.

Mmesikia? Mtu ameokoa roho ya baba yake mbele ya kisiwa kizima, na malipo yake ni kufukuzwa. Hemedi alisimama. Kama nafukuzwa kama muuaji, alijiambia, basi niue kwanza. Akainama, akaliokota panga lake, akatoka uwanjani.

Alipita kijijini katikati ya watu na panga linachuruzika. Hakuna aliyestuka. Wanawake waliokuwa wanakuna nazi vibarazani walimpungia mikono.

“Idi njema, Hemedi! Na sisi utukatie maini!”

“Inshallah,” alijibu.

Nyumbani, Mansuri alikuwa amelazwa kitandani chumba cha mbele. Wale waliombeba walikuwa wametoka mbio kutafuta boti ya kumvusha mpaka Utende, akapakiwe gari kwenda hospitali Kilindoni. Boti ilikuwepo, maji ndiyo hayakuwepo. Bahari imekupwa, boti imelala kwenye matope, na mpaka ijaze ni saa tisa alasiri. Sasa ilikuwa saa nne asubuhi.

Mama Nasma alikuwa peke yake na mwanawe. Alikuwa ameshakunja kanga mbili akazikandamiza begani, na ya pili nayo ilikuwa imeanza kulowa. Pembeni palikuwa na sufuria ya maji aliyoyatoa jikoni yakiwa yanachemka.

“Umeleta nyama?” aliuliza bila kugeuka aliposikia hatua. “Weka uani, baba. Njoo unishikie hapa.”

“Toka nje, mama mdogo.”

Akageuka. Akaliona panga. Macho yake yakaenda kwenye panga, yakarudi kwenye bega la mwanawe, yakaenda tena kwenye panga.

“Ndiyo maana,” alisema polepole. “Nilikuwa najiuliza. Pembe hutoboa. Hili limechanwa moja kwa moja kama samaki.”

“Toka!”

Mama Nasma hakutoka. Alinyanyua sufuria, akamrushia maji yote ya moto.

Hemedi alipiga ukelele. Upande wa kulia wa uso na shingo uliwaka. Alimsukuma mama yake mdogo kwa mkono, hakumwona, akasikia tu anaangukia kabati na vikombe vinavunjika. Akafika kitandani. Mansuri alijaribu kuinuka, akampiga teke la tumbo. Hemedi akamtia goti kifuani na ngumi ya bega, pale pale palipokatwa. Mansuri alilia kama mtoto.

Panga likakaa kooni.

“Sema shahada,” alisema Hemedi. Jicho lake moja lilikuwa limeshaanza kuvimba. “Nakupa nafasi hiyo. Wewe umepewa kila kitu, na hii nakupa mimi.”

“Sikukiomba, kaka.” Mansuri alipumua kwa shida. “Kile kisu. Jana jioni nilimwambia baba, mwaka huu mpe Hemedi. Nilimwangukia miguuni.”

“Mwongo!”

“Wallahi. Alilia. Akasema hawezi.”

“Hawezi nini? Mimi nina kasoro gani? Nimeiba? Nimezini? Nimeacha swala? Kwa nini hawezi?”

“Sijui. Muulize mwenyewe.”

“Niulize,” ilisema sauti mlangoni.

Mwalimu Muhidini alikuwa amesimama pale, ameegemea fremu ya mlango. Alikuwa amejikokota peke yake kutoka uwanjani, mguu mmoja unaburuta, na fimbo yake ilikuwa imeanguka njiani. Damu ya ng'ombe ilikuwa imekaukia ndevuni.

“Toa panga, Hemedi.”

“Kwanza nijibu.”

“Nakujibu. Toa panga kwenye koo la mtoto huyo. Roho moja ya nyumba ile inatosha.”

“Nyumba ipi?”

Mzee aliteleza na fremu mpaka akakaa kizingitini. Alionekana mdogo ghafla.

“Kila mwaka nawasomesha kisa cha wana wawili wa Adamu,” alisema. “Mmoja dhabihu yake ikapokelewa, ya mwenzake ikarudishwa. Nikifika pale kunguru anapofukua ardhi kumfundisha muuaji namna ya kumsitiri nduguye, nalia. Mnajua nalia. Wanafunzi wote wanajua. Wanasema Mwalimu ana hofu ya Mungu.”

Mzee aliutazama mkono wake mzima.

“Baba yetu alikuwa na sisi wawili. Mimi mkubwa. Kila nilichomletea aliweka pembeni, na kila alicholeta Mudrik alikula. Shamba la Kirongwe alimpa Mudrik. Kisu cha Idi alimpa Mudrik. Mimi nilishika mkia, Hemedi. Unadhani wewe ndiye wa kwanza?”

Hemedi alihisi mkono wake unalegea. Hakutaka ulegee.

“Siku ile tulikuwa shambani wawili. Nilimwomba aniachie kisu tu, shamba achukue. Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alidhani natania. Nilikuwa na shoka mkononi. Nilimpiga kisogoni. Nikamburuta mpaka chini ya mnazi, nikapiga kelele kwamba ameanguka.”

Astaghfirullah! Hata mimi ninayekusimulia nilikaa kitako niliposikia.

“Huyu alikuwa na miezi minne,” aliendelea Mwalimu, akimwelekezea Mansuri kidole. “Nikaapa hatakosa kitu duniani. Nilichonyang'anya kwa baba yake nitampa yeye, mpaka kisu. Kila Idi nikimpa, nilikuwa namrudishia Mudrik. Na wewe, Hemedi... kila nikikutazama nilijiona mimi. Nilikuogopa. Leo nimeona panga lile likipanda, nikajua sikukosea kuogopa.”

“Umenifanya mimi hivi,” alisema Hemedi. Sauti yake ilivunjika. “Miaka yote hii nilidhani sifai. Kumbe nilikuwa nalipia damu usiyoisema! Mungu hakukwambia unilee mimi vilevile?”

“Aliniambia. Sikuweza.”

Hemedi alimtoa goti Mansuri kifuani. Panga lilimponyoka vidoleni likaanguka juu ya godoro. Alikuwa amekuja kumuua mtu aliyemwibia baba, na sasa hapakuwa na mwizi wa kumuua.

Kwenye vigae vya vikombe, Mama Nasma alikuwa ameinuka. Paji la uso lilikuwa linamvuja damu, naye hakulifuta.

“Ndiyo maana ulikataa,” alisema.

Mwalimu hakuinua macho.

“Siku ya kumwosha Mudrik. Ulikataa mtu asiingie. Ulisema ni ndugu yako, utamwosha peke yako, utamvisha sanda peke yako. Watu walilia kwa mapenzi yako. Mimi nililia. Nikasema, mtu anayempenda nduguye hivi, akinitaka nitakubali.” Alivuta pumzi. “Ulikuwa unaficha kisogo.”

“Nasma...”

“Miaka ishirini na tisa nimekupikia.”

Akajifunga kanga kiunoni, akamruka pale kizingitini kama anavyoruka mtu dimbwi, akatoka.

Hakupiga yowe. Laiti angepiga! Alitembea mpaka uwanjani ambako wanaume walikuwa wanamchuna ng'ombe, na Hemedi dirishani, kupitia uchochoro, aliona kwa mbali visu vinasimama kimoja kimoja. Hakusikia maneno. Aliona tu Shaibu anashika kichwa kwa mikono miwili. Kisha wanaume wote, zaidi ya thelathini, wakageuza nyuso kwenye nyumba ile. Wakaanza kuja. Hakuna aliyekumbuka kuweka kisu chini.

Hemedi alimvuta baba yake kwapani akamwingiza ndani, akaufunga mlango, akatia komeo.

“Mwalimu!” Sauti ya Shaibu ilipasuka nje. “Mudrik nilimteremsha kaburini kwa mikono yangu hii! Toka useme mbele yetu!”

Mlango ukapigwa bega. Ukapigwa tena. Vumbi likamwagika kutoka darini.

“Fungua, mwanangu,” alisema mzee. “Nimechoka. Waache.”

Mwanangu! Hemedi alimtazama yule mzee aliyekaa sakafuni, mguu mmoja umekunjamana chini yake, ndevu zimegandana. Alitaka kumtemea mate. Alitaka kumkumbatia. Alitaka neno lile lirudiwe. Hakujua kipi kitangulie, na mlango ulikuwa unapasuka bawaba ya juu.

“Usifungue bado,” ilisema sauti nyuma yake.

Aligeuka. Mansuri alikuwa amesimama. Uso umekuwa kijivu, mkono wa kushoto unaning'inia kama si wake, damu inadondoka kwenye ncha za vidole. Mkono wa kulia ulikuwa mzima. Ulikuwa umelishika panga.

“Wakiingia watampeleka polisi,” alisema Mansuri. “Au watamuua wao. Sitaki wao. Pisha, kaka.”

“Lala chini. Utakufa.”

“Huenda. Lakini baada yake.” Alipiga hatua moja, akayumba, akasimama sawa. “Umekuja humu kuniua mimi bila kosa. Mimi sikudai chochote kwako. Nipishe tu.”

“Mansuri, mwanangu,” alisema mzee, “njoo. Ni haki yako.”

“Nyamaza!” Hemedi alipiga kelele, na hakujua anamwambia nani kati yao. Angepisha hatua moja tu, kila alichokililia miaka yote kingekuwa chake: nyumba, shamba, na yule mzee angelipa kila chozi. Hatua moja. Hakuna ambaye angemlaumu.

Mguu haukuenda.

Bawaba ya juu ikang'oka. Kisu cha mtu kikapenya ufa wa mlango karibu na sikio lake, kikachomolewa. Hemedi alikaza mgongo kwenye mbao kuwazuia walioko nje, akanyoosha mikono mitupu mbele yake kumzuia aliyeko ndani. Baba yake alikuwa miguuni pake, katikati.

“Huyu ni baba yangu,” alisema. “Hata akinikataa. Ukimtaka, anza na mimi.”

Mansuri aliliinua panga. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Kisha akaanza naye.